Ukuta wa Kaskazini

Nimefika Mgofuni umande haujakauka,
na futikamba ya mita hamsini, penseli mbili,
na karatasi ya Idara yenye mraba uliokwishachorwa:
kuta nne, lango moja, kisima.
"Hakiki," wameandika pembeni. Neno hilo tu.

Kombo Faki ananikatia njia kwa mundu.
Hapiti langoni bila kubisha,
ingawa lango halina mlango, wala kizingiti,
wala upande wake mmoja.
"Hodi," anasema, kisha ananyamaza kidogo,
kama mtu anayewapa wenyewe muda wa kujifunika.

Kusini: mita arobaini na moja, mawe ya matumbawe.
Mzizi wa mkuyu umeukamata ukuta
kama mama aliyemshika mkono mtoto mtundu sokoni;
ukiukata, vyote viwili chini.
Mashariki: thelathini na nane. Matundu ya boriti,
kila tundu na popo wake.
Handaki ni shamba la mihogo la Kombo, majani yamewanda.
Hata woga wa zamani, ukikaa sana, huwa mbolea.
Kisima: ngazi tisa. Ya kumi imo gizani, sikuihesabu.

Nimeokota kigae, kijani cha embe bichi,
cha sahani iliyovuka bahari nzima bila ufa
ije ivunjikie hapa,
pengine mkononi mwa kijakazi
aliyepigwa kwa ajili yake.

Mwenye ngome, anasimulia Kombo,
aliamuru chokaa ikorogwe kwa mayai,
mayai ya kila nyumba, ya kila kuku,
na watoto wakakua wakisikia kuku wakitetea
wasijue yai lina ladha gani.
Sijui kama ni kweli.
Nilikwangua chokaa kwa ukucha, nikaiweka ulimini.
Chumvi.
Karatasi haina pa kuandika chumvi.

Kaskazini, futikamba ilikosa pa kushika.
"Kombo, ukuta uko wapi?"
Kwenye karatasi upo. Ardhini pana mfuo tu,
nyasi fupi katikati ya nyasi ndefu,
kama alama ya mkanda kiunoni.
Nikawaza mizinga, nikawaza moto na maadui,
nikaanza kuandika: *Ulibomolewa vita—*
Kombo akacheka hata mundu ukamtoka.
"Vita gani? Twende nyumbani ukanywe chai."

Kwa mama yake, Bi Time, nilikaribishwa barazani.
Baraza ni tumbawe lililochongwa pembe sawasawa.
Mafiga matatu jikoni yana chokaa ya kale mgongoni.
Jiwe la kuoshea miguu, mbele ya choo,
lina nakshi ya ua; nusu yake imelika kwa nyayo.
Na kule uani, kichwani pa kaburi la mumewe,
jiwe moja refu, halina jina.

"Babu yangu aliyabeba kwa punda," akasema,
"mwaka wa mvua ile, nyumba za udongo
zilipoyeyuka kama sukari guru.
Walikwenda kuomba. Walifukiza ubani, wakangoja.
Hakujibu mtu.
Asiyejibu kakubali."

"Na yale mayai, bibi, ni kweli?"
Alikuwa akikaanga. Aliniwekea sahani:
mawili, mekundu pembeni, na chumvi kidogo.
"Hayo tumerudishiwa," akasema. "Kula."

Alasiri niliikunjua karatasi,
nikaufuta mstari wa kaskazini,
nikaanza kupima upya kutoka jikoni kwa Bi Time:
figa, figa, figa,
baraza mita mbili na robo,
kisha kwa jirani, kisha msingi wa chuo
ambako watoto walikuwa wakipigia makelele alifu na bee,
hata futikamba ikaniishia
na ukuta bado unaendelea.

Kombo ameshika ncha ya mbele.
Mlango kwa mlango, "Hodi," anasema.
Huku wanaitika.